Panya wa Morogoro wana kituo chao cha chuo kikuu, asasi zetu je?

Ukimaliza kidato cha sita hapa Dodoma kila mtu anakuuliza unaenda kusomea nini. Ukijibu sheria, wanakuheshimu. Ukijibu ualimu, wanakuonea huruma kidogo. Sasa jaribu kujibu kwamba unataka kusomea asasi, yaani NGO na ndugu zake wote... watu wanacheka! "NGO nayo inasomewa? Si unaingia tu ukipata mtu wa kukushika mkono?"

Kicheko hicho nimekitafakari sana, na naona kimebeba ishu nzito ya elimu ya juu ya Afrika Mashariki nzima.

Tuanze na hali yenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufika tarehe 1 Julai 2025 USAID ikawa imefungwa rasmi. Kwetu huku waliolia kwanza ni wale wa miradi ya UKIMWI, watu waliokuwa na mikataba, wakaambiwa wakae nyumbani. Maswali yaliyofuata ni mepesi kuuliza: sekta hii ina watu wangapi? Wangapi wanalipwa na wangapi wanajitolea? Katika kila shilingi inayoingia, senti ngapi zinatoka kwa mfadhili na ngapi zinatoka mfukoni kwa wanachama wenyewe?

Jaribio kubwa la kuhesabu mambo hayo kwa kulinganisha nchi zetu lilisimamiwa na chuo kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani. Kitabu chao cha pili, cha mwaka 2004, kina Kenya, Uganda na Tanzania ndani yake. Watafiti wa kwetu walishiriki, ila mpango na vipimo vilitoka huko, na majina makubwa kwenye jalada ni ya huko. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anapiga kura!

Wenzetu hao hawachukulii hili somo kama utani. Chuo Kikuu cha Indiana kilianzisha skuli nzima ya masuala ya uhisani mwaka 2012, watu wanachukua hadi udaktari wa falsafa. Sisi ambao huduma zetu nyingi za vijijini zimebebwa na mashirika haya tunajifunzia wapi? Kwenye semina! Chuo kikuu halisi cha asasi za Bongo ni semina. Siku tatu hotelini, daftari na kalamu ya bure, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, kwaheri. Mnafundishwa kuandika andiko la mradi, kujaza fomu za mfadhili na kutunza risiti. Sidharau, risiti zina umuhimu wake. Lakini kila mfadhili ana fomu zake na msamiati wake, na siku akiondoka anaondoka navyo.

Kusomea asasi ni kitu kingine. Ni kuuliza kwa nini chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kinadumu miaka thelathini bila mfadhili, wakati shirika lenye gari tatu linakufa mradi ukiisha. Ni kujua bodi inamwajibisha vipi mkurugenzi ambaye ndiye mwanzilishi, na ambaye ndiye aliyewateua wajumbe wa bodi (hapa wengi mtacheka kwa uchungu). Ni kuelewa hata neno lenyewe. Watu wengi wanadhani shirika lisilo la faida halitakiwi kubaki na hata senti tano mwisho wa mwaka. Sio hivyo! Linaweza kubaki na ziada, linaweza hata kuuza vitu. Kisichotakiwa ni wenyewe kugawana ile ziada kama wenye hisa. Mtu akilielewa hilo anaacha kuona aibu kuanzisha mashine ya kusaga ili ilipie mshahara wa karani.

Sasa panya. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa vituo vya ubora vya elimu ya juu, vituo 24 katika nchi nane za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mratibu wake wa kanda alikuwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao Kampala. Tanzania tulipata vinne: viwili Nelson Mandela kule Arusha, viwili Sokoine, Morogoro. Kimoja cha Sokoine kinahusu panya waharibifu. Jamani msinielewe vibaya, mkulima wa Kibaigwa anayelia na panya wa mahindi anaijua thamani ya kituo hicho. Lakini hapo hapo Sokoine kuna APOPO, shirika lililoanzia Ubelgiji, ambalo tangu mwaka 2000 linafuga panya buku na kuwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. APOPO lenyewe ni shirika lisilogawana faida! Kwa hiyo panya anasomwa, pua yake inasomwa. Kwenye vituo vyote 24 sikuona hata kimoja chenye kazi ya kusoma shirika linalomlisha huyo panya: linatafutaje hela, linamjibu nani, limewezaje kudumu.

Hii inaonyesha kwamba ushirikiano wa vyuo vyetu tayari upo na una ofisi. Na sio wa jana. Mwaka 1963 ilizinduliwa University of East Africa, chuo kikuu kimoja cha nchi tatu, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Wakagawana kazi kwa akili: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kwa nini kila nchi ijenge kitivo cha gharama wakati jirani anacho? Mkenya Willy Mutunga alikuja Dar kusoma sheria. Baadaye akaongoza Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo licha ya jina lake ni asasi, akafanya kazi Ford Foundation, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Ndio maana ya kusoma pamoja, mtu anavuka mpaka na anarudi na watu anaowajua.

Chuo kile kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikataka cha kwake. IUCEA ilikuja mwaka 1980 kuokota vipande, ikapata sheria yake ya Jumuiya mwaka 2009. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo mmoja wa kulinganisha sifa za elimu ya juu, na Mei 2017 marais wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tayari kuna viwango vya pamoja vya mitaala ya biashara na ya kompyuta. Kwa hiyo mlango uko wazi, wa kuingia na somo la asasi ndiye hajatokea.

Na somo hili linahitaji kanda kuliko hata kompyuta, sababu ni sheria. Kompyuta ya Kigali ni ile ile ya Kongwa. Asasi sio hivyo. Tanzania tuna Sheria ya NGO ya mwaka 2002, ikabadilishwa mwaka 2019 kwa namna ambayo mashirika mengi yaliyokuwa yamesajiliwa kama kampuni au vyama yalilazimika kuhamia kwa Msajili wa NGO, na muda wa kuhama ulikuwa miezi miwili tu. Kenya walipitisha sheria mpya mwaka 2013, ikakaa kabatini miaka kumi na moja, ikaanza kutumika Mei 2024! Uganda wana ya 2016, na mwaka 2024 wameirudisha ofisi ya kusimamia NGO ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ongeza Kongo iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, yenye sheria za asili ya Kibelgiji. Shirika linalofanya kazi Kigoma, Bujumbura na Uvira linaishi chini ya sheria tatu kwa wakati mmoja. Nani amesomeshwa kulishauri? Mwalimu mmoja wa chuo kimoja hawezi kuzijua zote. Watano wa nchi tano wakifundisha kozi moja kwa zamu, wanaweza.

Mimi nasema kozi hiyo ianzie Dodoma. Najua mtasema navutia kwetu, haya, navutia. Lakini angalieni. Ofisi ya Msajili iko huku na mashirika yanapaswa kupeleka taarifa zao za mwaka. Zile taarifa ni mgodi wa utafiti, sawa na maabara kwa mtu wa kemia. Bunge liko huku. UDOM iko kilimani tangu 2007. St. John's, nacho cha 2007, kimekaa pale ilipokuwa Mazengo Sekondari, ni chuo cha kanisa la Anglikana, kwa hiyo chenyewe ni sehemu ya sekta tunayoizungumzia. Kuna Chuo cha Mipango, na Hombolo wanafundisha watu wa serikali za mitaa, wale wale wanaogongana na asasi kila siku kwenye kata.

Halafu nyanda hizi za kati zina historia ya kufanyia utafiti. Kondoa kulikuwa na mradi wa serikali wa HADO tangu 1973, hela za Sweden, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri eneo lote lililoliwa na mmomonyoko. Wataalamu wa udongo wameandika sana kuhusu Kondoa. Leo kuna Kisiki Hai, wakulima wanatunza machipukizi ya visiki mpaka yawe miti, kazi inayosukumwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi tangu 2018. Hifadhi ile ile ya ardhi, njia mbili: amri ya serikali na ushawishi wa asasi. Ipi inabaki mfadhili akiondoka? Au chukua WAMMA ya mwaka 1991, WaterAid na idara za serikali za maji, maendeleo na afya kwenda kijijini kama timu moja. Pampu ikiharibika mtu wa kwanza kutafutwa ni fundi, lakini swali gumu ni nani anashika daftari la michango na kwa nini watu waliacha kuchanga. Hilo fundi halijui.

Kuna hoja moja ya upinzani naikubali nusu. Digrii mpya inaweza kuwa kiwanda kingine cha wenye vyeti wasio na kazi, hasa wafadhili wanapokimbia. Kweli kabisa. Ndio maana mimi sianzii na digrii. Ianze kozi moja ya muhula, mtu wa sheria aichukue, wa uhasibu aichukue, wa maendeleo ya jamii aichukue, ihesabike kwenye chuo chochote cha Jumuiya, na kila mwanafunzi aandike historia ya asasi moja ya wilayani kwake kwa kukaa na makaratasi yake. Baada ya miaka mitano tutakuwa na vitabu vyetu vya kufundishia. Ila wanaosema NGO zinakufa kwa hiyo hamna cha kusoma, hao siwaelewi. Hela zikipungua ndipo unahitaji mtu anayejua zipi zilikuwa zinasimama kwa miguu yake.

Hofu yangu kubwa iko kwingine: hili somo likija, litaletwa na mfadhili, na mtaala wake utakuwa ile semina ya siku tatu imerefushwa kuwa miaka mitatu.

Mnaosoma UDOM, St. John's na Mipango, tuambieni. Kwenye kozi zenu asasi mnazigusa kwa kina gani, na vitabu mnavyopewa vimeandikwa na nani? Wakenya na Waganda mnaopita hapa, na nyie semeni ya kwenu.