Hema Mmepanga Miezi Sita, Miili Je?

Najua hii posti itaniletea maneno, lakini wacha niseme tu. Huku kwetu Kisii na Nyamira, harusi ya Desemba huanza kupangwa hata kabla bonasi ya majani chai haijaingia. Kuna komiti, kuna mwekahazina, kuna grupu ya WhatsApp ya watu mia mbili ambao nusu yao hawajatoa hata shilingi. Hema, keki, ng'ombe, nani atabeba wazee kutoka Keroka. Kila kitu kina bajeti. Halafu wiki moja baada ya harusi shangazi anauliza, "Sasa mtoto lini?" na hakuna mtu hata mmoja kwa hiyo komiti aliyewahi kuuliza kama hao wawili wako sawa kiafya.

Mwaka ukipita bila tumbo, tunajua lawama itashukia nani. Dada ndiye anapelekwa hospitali, kwa mganga, kwa maombi. Jamaa amekaa tu akisema, "Mimi niko sawa, si mnaniona?" Tunaona nini sasa, buda? Mbegu haionekani kwa macho. Nguvu za kitandani ni kitu kimoja na uwezo wa kuzalisha ni kitu kingine kabisa. Katika karibu nusu ya visa vya wapenzi wanaokosa mtoto, shida iko kwa mwanaume, yeye peke yake ama wote wawili. Na kipimo chenyewe ni cha kikopo. Hakuna sindano wala kisu. Dada wa watu anafanyiwa skani, anadungwa, anamezeshwa madawa, na wewe umeshindwa na kikopo!

Kitu kingine wanaume hatuambiani: mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu hadi mitatu kutengenezwa. Kwa hivyo chang'aa na sigara za Septemba ziko ndani ya mbegu ya Desemba. Na nyinyi wa jimu mnaojidunga homoni ndiyo kifua kitokee, hizo homoni huzima kiwanda chenyewe. Kifua kipo, mbegu hakuna.

Upande wa wasichana, hapa ndipo nakasirika zaidi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku ishirini na nane! Wakati huo wengi hata hawajajua wana mimba. Foliki, ile vitamini inayosaidia huo mfereji ujifunge vizuri, inafaa iwe mwilini kabla. Ushauri ni maikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Lakini sisi tunapewa vidonge tukienda kliniki, na wengi huenda kliniki tumbo likishaonekana. Tangu 2013 serikali imekuwa ikituambia kujifungua ni bure, majina yamebadilika mpaka tukafika SHA, na bado hesabu yote inaanza na tumbo. Kile kitabu cha mama na mtoto pia unapewa ukishakuwa na mimba. Cha wawili wanaojipanga kiko wapi?

Mtaniambia foliki iko kwa unga. Ni kweli, tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe madini na vitamini. Lakini ni nyumba ngapi huku hula unga wa pakiti? Tunapeleka mahindi na wimbi kwa kisiagi, na huko hakuna anayeongeza kitu. Bahati nzuri tuko na chinsaga na managu, zimejaa Daraja Mbili kila siku. Bahati mbaya tunazichemsha mpaka zinyamaze, kisha tunamwaga maji, na foliki nyingi inaenda na hayo maji. Alafu tunashushia na chai, ambayo inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Sisemi muache chai, mimi ni mtu wa Nyamira. Ngojeni kama saa moja baada ya kula.

Kuhusu vipimo sitaongea sana. Ukimwi, kaswende, hepatitisi B, presha, sukari, kundi la damu. Na seli mundu, hasa sasa tunaoana na watu wa kando ya ziwa, ambako malaria ya miaka mingi imeacha hiyo jeni kwa wingi. Mkiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Hakuna aliyesema muachane. Mjue tu. Hata virusi vya Ukimwi, dawa zikivishusha mpaka visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako mkitafuta mtoto.

Alafu kuna wale wa kuniambia, "Nyanya zetu walizaa kumi bila foliki na bila kupimwa." Sawa. Jumamosi ukienda ocha, kaa na nyanya yako jikoni, umuulize polepole kwa heshima alizaa wangapi, na wangapi kati yao walizikwa wakiwa bado hawajapewa jina.