BUSTANI YA FAMILIA: Mkungu umekuwa mwekundu, usiukate

Mwezi uliopita mama mmoja jirani alinisimamisha pale bombani. Akasema: "Ndugu yangu, mti wangu unakufa. Majani yote yamekuwa mekundu, na baba watoto ameshanoa panga, anataka kuni." Mti wenyewe ni mkungu, ule ambao kwetu Uvira na Bujumbura tunauita badamie. Mbegu aliletewa na dada yake kutoka ng'ambo ya ziwa, na dada huyo leo hayuko tena duniani.

Nikaenda kuangalia. Nikakwaruza ganda la tawi kwa ukucha: chini yake kijani, tena maji maji. Mti mzima kabisa!

Mkungu ndivyo ulivyo. Kiangazi kikikaza, unavua majani ili usipoteze maji. Kabla jani halijaanguka, rangi ya kijani inaondoka, ile ya njano iliyokuwa imefichika inaonekana, na nyekundu inatengenezwa wakati huo huo. Ndiyo maana kwenye tawi moja unaona njano, rangi ya chungwa na damu ya mzee. Ukikwaruza ukakuta pakavu na kahawia kila tawi, hapo sawa, sema umekufa. Bila hivyo ngoja, machipukizi yatatoka kwenye ncha za matawi.

Wengine wameniuliza unapandwaje. Okota kungu lililoanguka lenyewe, usilikalie mpaka likauke miezi na miezi. Loweka usiku mmoja, fukia kina cha vidole viwili kwenye mfuko wa nailoni uliotobolewa chini, wenye udongo na samadi. Kuota ni wiki tatu mpaka sita. Watu wanachoka wiki ya pili wanamwaga udongo (hata mimi nilishafanya ujinga huo). Mche ukifika sentimita 30, hamisha mvua zikianza. Kaa hatua sita kutoka ukutani, maana matawi yake yanatanda mbali, ghorofa juu ya ghorofa. Zungushia miiba, mbuzi wa hapa tunawajua. Kiangazi cha kwanza upe maji ya kusuuzia vyombo kila jioni.

Majani yakianguka msichome, tandazeni chini ya mti yashike unyevu.

Baba watoto amekubali kungoja mvua. Mama anafagia majani yale mekundu asubuhi, na watoto wanayaokota kuchezea duka, ndiyo noti zao.