Konkuru bila namba: mutuonyeshe hesabu

Wandugu, tangu matokeo ya Exetat yatoke, simu zetu haziachi kulia. Ujumbe ni ule ule: « Yaya, niko na 68%, nilisoma Biokimia, Medesini itanipokea? » Mwengine iko na 74%, yeye anataka Politekniki. Na sisi tunajibu nini? Tunajibu kwa kubahatisha, sawa vile watu wanabeti mechi.

Tuambiane ukweli kwanza. Ile pursantaje ya diplome haikuambie mambo mingi. Diplome inatolewa kuanzia 50%, kwa inchi yote. Lakini mu chumba cha konkuru haushindane na inchi yote. Unashindana na wale wenye walikuja pale, na wengi wao walikuwa wa kwanza kwenye masomo yao. Ile 74% yenye ilifanya mama apikie majirani wote, pale ni pointi ya kawaida tu. Tena maulizo ya Exetat ni ya kuchagua jibu, na tunajua wote namna majibu yanatembeaka mu simu mbele ya asubui. (Tusijidanganye: kati yetu kuna wenye walinunua.) Konkuru inaweza kukuomba uandike wewe mwenyewe namna ulifika ku jibu. Na kama ulisoma Komersiale, kemia haitakuhurumia.

Ukitaka kupima shansi yako, tafuta maulizo ya miaka iliyopita kwa wale wenye walisha kuingia. Jifungie saa tatu bila simu, kisha umupe mutu mwengine akosoe. Ile pointi, hata kama ni mbaya, njo itakuambia kitu.

Lakini hata ukifanya vile, uko na nusu ya hesabu. Nusu ingine iko mu kabati ya sekretariati. Tuseme watu 800 wanafanya konkuru, nafasi ziko 80. Ni mumoja ku kumi. Ni ngumu, lakini mutu anaweza kuamua: najaribu, ao nalinda makuta ya mama. Sasa tuseme nafasi 30 zilisha kupangiwa watoto wa wakubwa mbele konkuru ianze. Wale 770 wenye wanabaki wanapigania 50, ni mumoja ku kumi na tano, na hakuna mwenye aliwaambia. Namba hizi ni za mufano. Tunatumia za mufano sababu za kweli hatupewe.

Mwaka uliopita niliandikisha mudogo wangu kwenye konkuru ya chuo kimoja. Tulilipa fishi, na makuta ya fishi hairudishwe hata ukianguka. Siku ya matokeo walibandika lisiti ku ukuta: majina tu, bila pointi hata moja. Tukauliza pointi zake. Wakatuambia juri haijadiliwe. Mulinzi wa mulango, yeye, alituuliza kwa sauti ya chini: « Muko na mutu ndani? » Siku ile hakuna mwengine mwenye alituambia kitu cha maana kuliko ile.

Katiba ya 2006, article 13, inakataza kubagua Mukongomani mu mambo ya masomo juu ya jamaa yenye alitokea ao juu ya hali yake ya maisha. Article 24 inamupa kila mutu haki ya kupata habari. Kwa hiyo hatuombe zawadi. Tunaomba vyuo vyote, vya serikali na vya watu binafsi, vitangaze mbele ya kulipisha fishi: nafasi ziko ngapi, mwaka uliopita walifanya konkuru wangapi, waliingia wangapi, na wa mwisho kuingia alikuwa na pointi ngapi. Kisha konkuru, wabandike pointi za kila mutu na namba ya fishi yake, bila jina kama wanaogopa majina. Ni karatasi mbili. Exetat yenyewe, na mabaya yake yote, inakutumia pointi zako ku simu.

Wewe mwenye ulifanya konkuru mwaka huu ao uliopita, piga picha ya fishi yako na ya lisiti yenye walibandika, funika jina, ututumie. Tunazikusanya. Barua ya kwanza itaenda kwenye fakulte yenye itafungua maandikisho mbele ya zingine.