UCHAMBUZI: Shimo la 13 la Augusta na swali ambalo yadi 35 hazijalimaliza

APRILI 13, 2025, Rory McIlroy aliwasili kwenye shimo la 13 la uwanja wa Augusta National, Marekani, akiongoza raundi ya mwisho ya kipute cha Masters. Alichagua usalama: mkwaju wa pili akausimamisha kabla ya kijito ili wa tatu uwe mfupi na mwepesi. Mkwaju huo mwepesi ndio uliotumbukia majini. Alimaliza shimo hilo kwa mikwaju saba, miwili zaidi ya kiwango, na ikambidi asubiri shimo la ziada kumbwaga Justin Rose.

Ikumbukwe kwamba shimo hilo lilibuniwa na Alister MacKenzie, daktari Mwingereza aliyegeukia usanifu wa viwanja, kwa ushirikiano na bingwa Bobby Jones. Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1933. Njia ya shimo inapinda kushoto. Kijito kinaifuata upande huo, kisha kinakata mbele ya nyasi laini zenye kibendera. Ardhi nayo inateremka kutoka kulia kuelekea majini.

Hapo ndipo penye ujanja. Anayethubutu kupiga karibu na maji huzawadiwa masafa mafupi na mahali tambarare pa kusimama. Anayekimbilia kulia yuko salama, lakini hubaki na safari ndefu, na mpira umekaa juu ya usawa wa nyayo zake, hivyo ni vigumu kuuelekeza anakotaka. Hakuna aliyekatazwa lolote. Mchoraji amepanga bei tu, na mnunuzi anaamua angali kwenye mkwaju wa kwanza.

Bei hiyo ilishuka vifaa vilipoimarika. Mwaka wa 2014 Bubba Watson, anayecheza kwa mkono wa kushoto, aliurusha mpira juu ya miti ya kona hadi umbali wa yadi 366. Mkwaju wa pili aliupiga kwa fimbo fupi ambayo wengi huitumia kuchopoa mpira mchangani. Waama, siku hiyo kijito kilikuwa pambo.

Augusta ilijibu kwa fedha. Ilinunua ardhi ya klabu jirani mwaka wa 2017, na kufikia 2023 ilikuwa imerudisha nyuma mahali pa kuanzia kwa yadi 35. Shimo likawa na yadi 545 badala ya 510.

Naafiki nusu tu. Yadi hizo zimerejesha hofu ya maji, lakini swali likiwa gumu kupita kiasi, jibu hubakia moja: kujihifadhi. Mashabiki hawaamki usiku kutazama hilo. Aidha, ni klabu ngapi duniani zinazoweza kununua shamba la jirani? Wasimamizi wa gofu, R&A na USGA, walitangaza Desemba 2023 kwamba mipira itapimwa kwa masharti makali zaidi ili isiende mbali mno. Hatua hiyo, kwa maoni yangu, ilichelewa.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko Mombasa. Viwanja vyake vimezingirwa na makazi na barabara, hivyo kurefusha mashimo si rahisi. Kilicho ndani ya uwezo wa klabu ni kuhamisha shimo la mchanga hadi pale mpira wa wapigaji wa mbali unapotua, kuachia nyasi za kona zirefuke, na kuchimba kibendera upande ambao aliyekwepa hatari hawezi kuulenga moja kwa moja.