SHAURI LIKIFUTWA, HAKI HAIJASIKILIZWA



Katika vijiji vya Ganako na Karatu yote, ugomvi wa mpaka wa shamba huanza kwa kelele na mara nyingi huishia kimya kimya. Mdai hufungua shauri, huhudhuria mara mbili au tatu, kisha msimu wa kupanda huingia, nauli hukosekana, na tarehe hupita. Siku moja husikika kwamba shauri limefutwa. Hapo jirani hushangilia, na kijiji husema: "Ameshindwa."

Neno hilo si sahihi. Shauri likifutwa kwa sababu mdai hakufika au hakuliendesha, mahakama haikupima ushahidi wala haikutamka shamba ni la nani. Imesema tu kwamba aliyewaita wenzake shaurini hakuja kutoa neno lake.

Hata hivyo jambo hilo si dogo. Kwa sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, pande zote mbili zisipofika, mdai aweza kufungua shauri jipya endapo ukomo wa muda haujapita. Kwa madai ya kurudishiwa ardhi ukomo huo ni miaka 12. Lakini mdaiwa akifika, akayapinga madai, na mdai hayupo, mdai hawezi kufungua tena shauri lile lile. Njia yake ni kuomba lirejeshwe, ndani ya siku 30, kwa kiapo chenye sababu ya kutosha. Kanuni za mwaka 2003 za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya zimeweka siku hizo hizo 30. Baraza likikataa, aweza kukata rufani Mahakama Kuu.

Je, huo ni ukatili wa sheria? Ibara ya 107A ya Katiba yaagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Yaagiza pia zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Maagizo hayo yasomwe pamoja. Mdaiwa naye ni mtoto wa Mungu: si haki aishi miaka mingi bila kujua kama atavuna alichopanda. Lakini mjane aliyelazwa hospitali siku ya shauri hakuidharau mahakama, na astahili kusikilizwa.

Basi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wana kazi. Mwenye shauri asaidiwe kuandika kila tarehe, kutunza vyeti vya hospitali, na kuomba mapema nakala ya amri, maana siku 30 hazimngoji mtu. Apelekwe kwa wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wala asimwachie wakili kila kitu: mara nyingi mahakama zimekataa kupokea uzembe wa wakili kuwa sababu ya kutosha.

Nawe uliyenufaika shauri lilipofutwa: ikiwa dhamiri yako yajua kwamba mpaka ulisogezwa, karatasi ya mahakama haikukuhalalishia. Mlango wa upatanisho ungali wazi.

Mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, alipata haki yake kwa kwenda tena na tena. Wajane wetu wasiachwe waende peke yao.