Chumba cha Kulala Kisigeuke Duka la Samani



Siku hizi familia nyingi, hasa za vijana waliooana karibuni, zinaulizia mtindo wa kupamba chumba cha kulala uitwao Japandi. Jina hilo limeunganisha Japani na Skandinavia, yaani Denmark, Norwei na Uswidi. Picha zake zinapendeza: kitanda kifupi cha mbao, shuka za pamba au kitani, rangi za mchanga na udongo, mwanga mpole, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi.

Hatuna ugomvi na mtindo huo. Tunachokipinga ni kuuanza kwa kununua, ilhali msingi wake ni kupunguza.

Tuangalie ulikotoka. Katika nyumba ya jadi ya Kijapani sakafu hutandikwa tatami, mikeka minene ambayo mmoja hukaribia urefu wa sentimita 180 na upana wa 90. Usiku hutandikwa godoro jembamba liitwalo futon. Asubuhi hukunjwa na kuwekwa kabatini, na chumba hichohicho kikawa mahali pa kukaa. Uwazi ule haukuwa pambo, ulikuwa nafasi ya kuishi. Huko Skandinavia nako majira ya baridi yana giza. Mjini Stockholm, mwezi wa Desemba, mchana huwa wa saa 6 hivi tu. Ndiyo maana wenyeji wakapenda kuta nyeupe, mbao zisizokoza rangi na mablanketi ya sufu.

Basi mtu anayeishi kwenye joto akikopa fedha anunue blanketi la sufu na kitanda cha kuagiza ng'ambo, amechukua picha akaiacha maana. Huo ni israfu. Wajapani wana neno wabi-sabi, nalo ni kuuona uzuri katika kitu kilichotumika na chenye alama za umri wake. Kitanda cha mninga alichoacha babu, kikapigwa msasa na kupakwa mafuta, kinaufaa mtindo huu kuliko kipya cha mkopo.

Yapo mambo mawili tunayowatahadharisha wazazi. La kwanza ni chandarua. Katika picha hizo hakionekani, na wapo wanaokiondoa ili chumba kifanane nazo. Msifanye hivyo, malaria haiangalii mapambo. Wajapani wenyewe tangu zamani walikuwa na vyandarua vya kulalia, na ajabu ni kwamba waliviita kaya! Chandarua cheupe kilichofungwa vizuri mchana hakiharibu chumba chochote.

La pili ni godoro kulazwa sakafuni. Jasho na unyevu hukwama chini yake, ukungu ukaota. Futon hukunjwa na kuanikwa kwa sababu hiyohiyo. Asiyeweza kulikunja godoro lake kila siku, aliweke juu ya chaga zenye nafasi ili hewa ipite.

Mwenye kutaka kuanza, basi aanze hivi. Toeni chumbani visivyohusika na usingizi: masanduku, nguo zisizovaliwa, televisheni. Nguo zinazofaa wapeni wenye haja. Taa nyeupe kali ibadilisheni kwa balbu ya mwanga wa njano. Kwenye boksi lake huandikwa 2700K. Kaeni wiki mbili na chumba hicho, ndipo mjue kama kuna cha kununua. Aghalabu hakuna.

Sisi tunaosomesha watoto tunawaona wanaosinzia darasani asubuhi. Wengi wao wanalala katika vyumba vyenye televisheni, taa kali na mizigo ya nyumba nzima. Mtoto hahitaji chumba cha kupigwa picha, anahitaji giza, hewa na utulivu. Hayo yanapatikana hata katika chumba kimoja cha kupanga, na hayadai mkopo.

Wabillahi tawfiq.