Eiffel: Kiwango Kipo, Wafuasi Wako Wapi?

Wadau, kumbe hata lugha za kuandikia programu zina siasa zake! Chukulia Eiffel, aliyoibuni Mfaransa Bertrand Meyer mwaka 1985. Sifa yake kubwa ni mkataba: kila kipande cha programu unakiandikia masharti ya kuanza kazi na ahadi ya kumaliza. Sharti likivunjwa, programu inapiga kelele hapo hapo, haisubiri mteja alalamike. Wazo safi sana, lugha nyingine zimeliiga.

Sasa, Juni 2005 shirika la ECMA la Geneva likapitisha kiwango cha lugha hii, ECMA-367, na 2006 ISO nao wakagonga muhuri. Utadhani mambo yamenyooka. Wapi! Mwaka huo huo wa 2005 timu ya SmartEiffel, kompaila ya bure kutoka Nancy, Ufaransa, ikasema haikifuati.

Mimi siwalaumu. Mhariri wa kiwango alikuwa Meyer huyo huyo, mwenye kampuni ya Eiffel Software kule Marekani inayouza EiffelStudio. Halafu kiwango hakikuandika tu kile watu walichokuwa wanatumia, kiliingiza na mambo mapya. Yaani mwenye duka ndiye kashika mizani, we ungekubali?

Ila nao waliumia. SmartEiffel ilikuja kusimama, wengine wakaiendeleza kwa jina la Liberty Eiffel. Lugha yenyewe ndogo, watumiaji wa kuhesabu, na bado programu inayopita kwenye kompaila moja inaweza kukataliwa na ya pili.